Kumulika Yai la Bata

Anayeanza kuangulia mayai ya bata kwa mashine hana budi kujua kwanza ni bata gani aliyeyataga, kwa sababu mayai ya bata wengi wa kufugwa, kama wale weupe wa Pekin, huanguliwa kwa siku 28, ilhali ya bata mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu usoni, anayefugwa sana vijijini Afrika Mashariki na ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, huchukua takribani siku 35. Mfugaji aliyezoea siku 21 za kuku, au aliyesoma tu kuhusu siku 28, anaweza kuyatupa mayai yenye uhai akidhani yameharibika.

Mayai ya kuangulia huchaguliwa yakiwa safi, yasiyo na ufa, na yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, kisha huhifadhiwa mahali penye ubaridi wa wastani, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Hayaoshwi kwa maji baridi, kwa kuwa ubaridi hukifanya kilichomo kisinyae na kuvuta vijidudu kupitia vitundu vya ganda. Bata hutaga alfajiri na mara nyingi hutaga chini, penye unyevu na kinyesi, kwa hiyo usafi wa yai hutokana na matandiko makavu ya bandani kabla haujawa kazi ya mikono ya mfugaji.

Ndani ya mashine yenye feni joto huwekwa nyuzi 37.5 za Selsiasi; isiyo na feni huhitaji kama nyuzi 38.5 hadi 39 zikipimwa usawa wa juu wa mayai, kwa kuwa hewa ya moto hupanda na kuacha chini pakiwa na ubaridi. Mayai hugeuzwa mara tatu au tano kwa siku, idadi isiyogawanyika kwa mbili, ili upande unaolala juu usiku mmoja usilale juu usiku unaofuata. Yasipogeuzwa, kiinitete, yaani kifaranga anayeanza kujiumba, huweza kunata kwenye utando wa ndani ya ganda.

Kumulika ni kulishika yai gizani, upande wake butu ukiwa juu ya tundu dogo ambamo mwanga mkali wa tochi hupita, ili yaliyomo yaonekane bila kulivunja. Ganda jeupe la bata hupitisha mwanga vizuri kuliko ganda la kahawia la kuku, na kwa hiyo ni zuri kwa kujifunzia. Siku ya saba, yai lenye uhai huonyesha doa jeusi linalochezacheza katikati ya mishipa myekundu iliyotandaa kama miguu ya buibui, na lisilo na mbegu hung'aa lote kwa rangi ya manjano, kivuli cha kiini kikielea ndani yake. Pete nyekundu isiyo na mishipa ni alama ya kiinitete kilichokufa mapema. Yai viza, ambalo hutoa harufu au kutoka majimaji, huondolewa mara moja, kwani gesi iliyojaa ndani inaweza kulipasua na kuyachafua mengine. Lakini lile linalotia shaka hurudishwa na kumulikwa tena baada ya siku tatu, maana jicho la mgeni wa kazi hii hukosea zaidi kwa haraka kuliko kwa subira.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapoupoteza msaada mkubwa zaidi wa mwanga, yaani kuonyesha maji yaliyokwisha kutoka katika yai. Kadiri maji yanavyopungua, nafasi ya hewa kwenye upande butu hupanuka, na yai la gramu 80 linapaswa kufikia kama gramu 69 siku tatu hivi kabla ya kuanguliwa. Ukingo wa nafasi hiyo ukichorwa kwa penseli kila yai linapomulikwa, mistari inayosogeleana mno huonyesha kuwa unyevu wa mashine umezidi na kifaranga huenda akavimba na kukosa nafasi ya kujigeuza, ilhali mistari inayoachana upesi huonyesha ukavu utakaomnatisha kwenye utando. Unyevu wa asilimia 55 hadi 60 ni mwanzo mzuri, ila hewa ya Tanga si hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi, na mstari wa penseli hustahili kuaminiwa kuliko namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mashine.

Siku tatu za mwisho mayai hayageuzwi tena, na unyevu hupandishwa hadi kama asilimia 70 ili utando usikauke. Mwanga ukipitishwa wakati huo, nafasi ya hewa huonekana imeinama upande mmoja, na ndani yake kivuli cha mdomo husukuma, kikipumzika na kusukuma tena. Tangu ufa wa kwanza hadi kutoka huweza kupita saa 24 hadi 48, muda ambao damu ya mishipa ya utando inarudi mwilini na kiini kilichobaki kinaingia tumboni; mwenye kubandua ganda kwa huruma humwacha kifaranga akivuja damu. Kiini hicho humlisha kwa siku ya kwanza, kwa hiyo aliyetoka huachwa ndani ya mashine mpaka manyoya yakauke, bila mlango kufunguliwa kwa ajili yake wakati wenzake bado wanatoboa.