KUREKODI MUZIKI MTULIVU PENYE KELELE

Ye yote aijuaye Kampala anaijua Kikuubo. Kwa Kiganda jina hilo maana yake ni kichochoro. Wachukuzi hupita na magunia mabegani, malori hushusha sabuni na sukari, na honi hazinyamazi. Je, yawezekana kurekodi muziki wa kutuliza moyo mahali kama hapo? Yawezekana, na iko sababu kubwa ya kufanya hivyo.

Si mbali na hapo, huko Mengo, liko Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda. Mwaka 1950 na 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi wanamuziki wa Kabaka. Mmoja wao alikuwa Temutewo Mukasa, mpiga ennanga, yaani kinubi cha nyuzi nane ambacho sauti yake ni ndogo na humtaka msikilizaji atulie. Tarehe 24 Mei 1966 Lubiri lilishambuliwa. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia ng'ambo, wanamuziki walitawanyika, na ala nyingi ziliangamia. Mwaka 1967 falme zilifutwa. Ziliporudishwa mwaka 1993, wapigaji wengi wa zamani walikwisha fariki, lakini sauti walizorekodiwa zilikuwapo.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako au kambini yuko mzee ajuaye ala, usingoje. Jambo la kwanza ni wakati: chagua alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa. Epuka siku ya mvua, kwani bati hupiga ngoma yake lenyewe. Pili ni chumba: chagua cha ndani, kisicho na dirisha la barabarani. Tundika mablanketi ukutani, tandika mkeka, zima jokofu na feni. Simu ya mkononi yatosha kurekodia, mradi uizuie isipokee miito.

Tatu ni nafasi ya kinasa sauti. Tracey alizoea kukishika kwa mkono na kukisogeza karibu na ala. Nawe kiweke umbali wa mkono mmoja, katikati ya ala na kinywa cha mwimbaji. Jaribu kwanza, sikiliza, kisha rekebisha.

Wasikilizaji wawe wachache, nao waombwe wasipige makofi mpaka uzi wa mwisho unyamaze. Usimkatize mzee akikosea. Mwache amalize, kisha arudie akipenda. Kanuni hizi zafaa pia kwa udi wa Unguja, au hata kwa tango ya Argentina ipigwayo polepole kwa fidla.

Mwisho, kabla ya kufunga, taja kwa sauti jina la mpigaji, wimbo, mahali na tarehe, kisha weka nakala ya pili kwa ndugu mwingine. Wafanyabiashara wa Kikuubo wanalijua somo hili kuliko sisi sote: mali bila daftari hupotea bila habari.