Mzee, rudi ndani ya gari

Saa nne usiku, manyunyu yanaanguka, na Toyota iliyokuwa mbele yake ina taa moja ya nyuma iliyokufa. Akawasha zile taa za bluu na nyekundu. Toyota ikasogea pembeni vizuri kabisa, ikasimama. Mpaka hapo, kazi ya kawaida tu. Halafu mlango wa dereva ukafunguka. Akatoka mwanaume mwenye koti refu, akaanza kumfuata, mkono mmoja uko ndani ya koti.

"Nikapiga kelele kwa Kiingereza, rudi ndani ya gari! Harudi. Nikarudia. Anazidi kuja, na anatabasamu. Mkono wangu ulikuwa umeshashika bastola. Sijaitoa, lakini nimeishika."

Ndipo yule mtu akasema: "Samahani, afande. Samahani sana, afande."

Neno hilo moja likabadilisha kila kitu. Polisi akajikuta anajibu bila kufikiri: "Mzee, rudi ndani ya gari. Tafadhali, mzee." Mzee akasimama pale pale kwenye mvua, mdomo wazi. Mzungu gani huyu, au ni malaika gani, anayeongea Kiswahili barabarani Ohio? Akarudi ndani.

Ndani ya koti kulikuwa na mfuko wa nailoni. Una leseni, kadi ya gari, karatasi ya bima, na noti ya dola 20 iliyokunjwa mara mbili.

Huyo polisi tutamwita Afande, kwa sababu hakutaka jina lake litajwe, na kwa sababu ndivyo wanavyomwita nyumbani kwao, nusu utani na nusu fahari. Si mzungu. Wazazi wake ni wa Kivu Kusini. Yeye alizaliwa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Kigoma, akaja Marekani na miaka tisa. Kiswahili chake ni cha Kongo, kimelelewa Tanzania, kikamalizia shule Ohio. Ukimsikia utacheka, lakini utamwelewa.

Nilimuuliza swali ambalo wengi wetu hatujawahi kumuuliza mtu aliyevaa zile nguo: ukiwa upande wako wa dirisha, inakuwaje?

Akasema kazi inaanza kabla hujaona taa zake. Kwanza anataja namba za gari na mahali alipo kwenye redio, ili kama kuna baya, wenzake wajue wamfuate wapi. Anachagua sehemu yenye mwanga, siyo kwenye kona. Gari lake analisimamisha nyuma yako lakini limetokeza kidogo upande wa barabara, ili apate nafasi ya kupita bila kugongwa. Majimbo yote 50 yana sheria ya kuwataka madereva wahame njia au wapunguze mwendo wakiona gari la dharura limesimama pembeni. Hata hivyo, anasema, kila wiki kuna gari linampita karibu mpaka suruali inapepea.

Akishuka, anagusa buti lako kwa kiganja. Anataka kujua kama limefungwa, na alama za vidole vyake zibaki pale. Halafu haangalii uso wako. Anaangalia mikono. "Uso unaweza kunidanganya," anasema. "Mikono ndiyo itakayoniua."

Nilinyamaza hapo. Kwa sababu mimi nikisimamishwa, nafikiria kitu hicho hicho kuhusu mikono yake.

Sasa fikiria nyumbani. Baba yangu aliendesha daladala Mwanza miaka kumi na moja. Kule trafiki hakufuati kwa nyuma. Anasimama mbele yako mchana kweupe, na sare yake nyeupe, ananyoosha mkono. Unasimama. Na mtu mwenye adabu hakai kwenye kiti akamwacha afande ainame dirishani kama anaomba. Unashuka, unamfuata, unasalimia, unajieleza. Karatasi unazo mkononi, na madereva wengine wanajua kuna noti inaingia katikati ya karatasi hizo, "ya chai". Mzee wa Toyota hakuwa mkaidi. Alikuwa anaonyesha heshima, yote aliyonayo, kwa mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kuisoma.

Hapa heshima ile ile ni hatari. Kutoka ni kushambulia. Kuingiza mkono kwenye koti ni kutafuta silaha. Na dola 20 ndani ya leseni ni kosa la jinai kubwa kuliko taa iliyokufa.

"Ulifanyaje na ile hela?" nikamuuliza.

"Nilimwambia, mzee, umeniangushia risiti zako, ziweke vizuri mfukoni. Kamera ya kifuani inarekodi, wewe. Nilikuwa natoka jasho."

Alimpa onyo tu. Hiyo nayo ni sehemu ya kazi ambayo hatuioni: kwa makosa madogo, yeye ndiye anayeamua kama ni onyo au faini. Na kabla ya hapo ameamua nani wa kusimamisha. Sheria inampa nafasi kubwa. Tangu kesi ya Delaware v. Prouse ya 1979, polisi akiwa doria hawezi kukusimamisha bila sababu yoyote ili tu aangalie leseni. Lakini tangu Whren, mwaka 1996, kosa lolote dogo la barabarani linatosha, hata kama moyoni anatafuta kitu kingine. Tangu Mimms, 1977, anaweza kukuamuru utoke garini, na tangu 1997 abiria vilevile. Upande wako kuna Rodriguez ya 2015: shughuli ya lile kosa ikiisha, hawezi kukuweka pale akisubiri mbwa aje kunusa gari, kama hana sababu nyingine ya kukushuku.

Nikamuuliza kuhusu Whren waziwazi. Amewahi kumsimamisha mtu kwa taa, na shida siyo taa?

Akakaa kimya muda mrefu. "Nimewahi," akasema. "Na baadhi yao walikuwa wanafanana na kaka zangu."

Hakuongeza kitu, na mimi sikumlazimisha. Wote wawili tulikuwa tunamfikiria Philando Castile. Julai 6, 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, alisimamishwa, akaambiwa taa ya breki haiwaki. Alikaa ndani ya gari. Aliongea kwa adabu, akamwambia polisi kwamba ana bastola, ambayo alikuwa na kibali chake. Alipigwa risasi akiwa kwenye kiti chake, mtoto wa miaka minne yuko nyuma. Mwaka uliofuata baraza la mahakama lilimwona yule polisi hana hatia. Kwa hiyo haya ninayoandika si hirizi. Virginia, tangu 2021, polisi haruhusiwi kukusimamisha kwa sababu tu taa moja ya breki imekufa. Mabadiliko kama hayo yanalinda kuliko adabu ya dereva yeyote. Lakini wakati tunayasubiri, wazazi wetu wako barabarani leo usiku.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kiti cha nyuma cha ile Toyota kulikuwa na mjukuu wa mzee, msichana wa miaka 12 hivi, analia. Afande alimuuliza kwa Kiingereza kama yuko salama. Akasema alimwambia babu asitoke. Alimwambia mara tatu, kwa Kiingereza. Babu hakuelewa. Alijua sheria yule mtoto. Kilichomkosa ni Kiswahili cha kuisema haraka.

Nilipomuuliza Afande tujifunze nini, hakunipa hotuba. Alinipa sentensi nne, tuzijue kama tunavyojua "chakula tayari":

Kaa ndani, usitoke.
Weka mikono juu ya usukani.
Usichukue kitu mpaka akuombe, na mwambie kabla ya kuchukua.
Usitoe hela.

Jumapili nilimwita Baba, tukakaa kwenye gari lake uani. Alicheka. "Nimeendesha gari kabla wewe hujazaliwa, unanifundisha kukaa?" Nikamwambia mimi ni trafiki, yeye ni dereva. Akazima injini. Nikaja kutoka nyuma, nikagusa buti, nikafika dirishani na tochi ya simu.

"Habari ya kazi, afande," akasema, kwa ile sauti yake ya Mwanza, mkono wa kushoto umeshafika kwenye kitasa cha mlango.

"Baba."

Akaangalia mkono wake kama si wake. Akaurudisha kwenye usukani, taratibu. Hakucheka tena.

Tukaanza upya.