PANGO LA MANGAPWANI: NAWAOMBA RADHI

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Mwaka jana nilisimama mbele ya chama chetu nikasema, tena kwa kujigamba, kwamba pango la Mangapwani lilichimbwa na wafanyabiashara wa watumwa. Mlinipigia makofi. Leo nakiri kwamba niliwapotosha.

Likizo ya Agosti tulizuru Unguja. Asubuhi moja tulitoka mjini Zanzibar tukaelekea kaskazini, mwendo wa kilomita 20 hivi. Mzee mtembezaji alitupokea.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, wanangu. Nani ajuaye maana ya Manga?"

Sote kimya. Akacheka, akatufafanulia kwamba Manga ni Uarabuni. Ndiyo maana twasema pilipili manga na kungumanga. Mangapwani basi ni pwani ya Waarabu.

Tulishuka ngazi hadi pangoni. Chini kabisa tulikuta maji baridi yasiyo na chumvi, ingawa bahari iko karibu. Nikauliza, "Mzee, ni nani aliyelichimba?" Nilijua atakalojibu.

"Mvua," akasema.

Wenzangu waliangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze!

Hebu niwaeleze. Mwamba wa hapo ni wa matumbawe, yaani chokaa iliyojengwa na viumbe vya bahari zamani za kale, mahali hapo palipokuwa chini ya maji. Mvua inaponyesha, maji hubeba gesi ya kaboni dioksaidi kutoka hewani na udongoni, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo hupenya nyufani na kuyeyusha chokaa polepole, miaka na mikaka, hadi ufa ukawa pango. Kama huamini, tumbukiza ganda la yai katika siki, utaona linavyotoa povu. Wenyeji husimulia kwamba pango liligunduliwa na kijana mtumwa aliyepotelewa na mbuzi, akaifuata sauti yake hadi kwenye maji.

Je, watumwa walifichwa wapi? Mzee alitupeleka mbele, kama kilomita 2 hivi. Hapo pana chumba kilichochongwa mwambani, kikaezekwa paa la mawe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Lakini biashara iliendelea kwa siri, na watu walifichwa humo wakingojea vyombo vya kuwavusha. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Nilikaa ndani dakika chache tu, jasho likanitoka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Tulipokuwa garini rafiki yangu akaniuliza, "Kwani kuna tofauti gani? Si yote ni mashimo?" Tofauti ipo, tena kubwa. Pango ni kazi ya maji, nayo maji hayana lawama. Kile chumba kilichongwa na watu waliojua wazi kuwa biashara ile imeharamishwa. Tukivichanganya viwili hivi, itaonekana kana kwamba shimo lilikuwepo tu, watu wakalitumia. Kumbe walikaa, wakapanga, wakachonga!

Basi wenzangu, yafuteni yale ya mwaka jana, myaandike haya. Kuuliza si ujinga. Mimi ningaliuliza mapema, nisingaliaibika pangoni.