Ramani ya Wingu Isichorwe kwa Kubahatisha

Jumanne ya Februari 28, 2017, saa mbili na dakika 37 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, mfanyakazi mmoja wa Amazon alikuwa akitafuta hitilafu katika mfumo wa ankara wa S3, huduma ya kampuni hiyo ya kuhifadhi mafaili. Alitoa amri ya kuondoa seva chache. Sehemu moja ya amri hiyo iliandikwa vibaya, zikaondoka seva nyingi kuliko alizokusudia, zikiwamo zinazotunza kumbukumbu ya kila faili limewekwa wapi. Kwa zaidi ya saa nne, tovuti na programu nyingi zilizotegemea kituo cha Virginia, Marekani, ziliyumba au zilizimika kabisa. Katika maelezo ambayo kampuni yenyewe iliyatoa baadaye kuna jambo dogo lililonigusa kuliko yote: ukurasa wa kuwaarifu wateja hali ya huduma haukuweza kubadilishwa kwa takriban saa mbili, kwa sababu chombo cha kuuhariri nacho kilitegemea S3 ileile iliyoanguka.

Mshale mmoja tu kwenye mchoro, unaotoka kwenye ukurasa wa taarifa kwenda S3, ungetosha kumfanya mtu aulize swali mapema. Kazi ya mchoro wa mfumo ndiyo hiyo.

Tunaposema mfumo uko kwenye wingu, maana yake uko kwenye kompyuta za kukodi zilizomo ndani ya majengo ya kampuni nyingine. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, Google nayo Johannesburg mwaka 2024. Programu ya kukata tiketi za basi inayoonekana nyepesi kwenye simu inaweza kuwa na seva kadhaa, hifadhidata mbili, foleni ya ujumbe, lango la malipo, na kanuni chungu nzima za nani aruhusiwe kuwasiliana na nani. Hakuna anayeweza kuyaweka yote hayo kichwani, kwa hiyo wahandisi huchora.

Shida ni kwamba michoro yao huzeeka haraka. Mchoro huandaliwa kwa ajili ya mkutano wa kukabidhi mradi, visanduku vikapangwa vizuri kwa rangi, ukahifadhiwa kama picha. Baada ya hapo mfumo unaendelea kubadilika na picha inabaki palepale. Mhandisi mpya akiajiriwa anaonyeshwa picha hiyo, kisha anaambiwa asiiamini sana. Sioni uvivu hapo. Kuvuta visanduku na mishale kwa mkono ni kazi ya nusu siku, na hakuna meneja anayekubali nusu siku ipotee kila mtu anapoongeza seva moja.

Hapo ndipo msaidizi wa akili mnemba alipoleta mabadiliko ya kweli, na mimi nayafurahia. Njia yenyewe ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2014 Knut Sveidqvist alitoa Mermaid, lugha ndogo ya kuandika mchoro kwa maneno badala ya kuuvuta kwa kipanya. Unaandika hivi:

mteja --> lango
lango --> seva
seva --> hifadhidata

Ukitanguliza mstari mmoja wa kutaja aina ya mchoro na uelekeo wake, programu inapanga visanduku vinne na mishale mitatu bila wewe kugusa kitu. Majina unaweza kuyaandika kwa Kiswahili kama nilivyofanya hapa, nayo inayapokea. Tangu Februari 2022, GitHub, ghala kubwa la msimbo ambalo wasanidi programu wengi hulitumia, inaonyesha michoro ya namna hii moja kwa moja. Na kwa kuwa mchoro umekuwa maandishi, mashine iliyofunzwa kwa maandishi inaweza kuuandika kwa sekunde chache, ikaurekebisha ukiiambia, na ukahifadhiwa pamoja na msimbo wa mfumo.

Lakini msaidizi huyo anachora kutokana na nini? Hapo ndipo pa kuangalia kwa makini, kuliko uzuri wa picha.

Ukimweleza kwa maneno yako mfumo wako ulivyo, atachora ulichosema, na pale ulipokaa kimya atajaza kwa mazoea: ataweka kigawa-mzigo mbele ya seva, nakala ya pili ya hifadhidata, ukuta wa ulinzi, kwa kuwa ndivyo mifumo mingi aliyoisoma inavyofanana. Mchoro utapendeza. Tena utaonyesha nakala ya pili ambayo hamna. Kwa mfumo ambao bado uko kwenye mawazo hilo halina madhara, na linaweza hata kuwakumbusha mlichosahau. Kwa mfumo unaobeba fedha za watu leo, ni hatari. Mtu atakayeamshwa saa nane usiku ataitafuta nakala hiyo na hataiona.

Afadhali apewe msimbo wa ujenzi. Timu nyingi siku hizi hujenga mifumo yao kwa Terraform, chombo kilichotolewa na HashiCorp mwaka 2014, ambapo kila seva na kila mtandao huandikwa kwenye faili. Terraform ina hata amri yake ya kutoa mchoro wa utegemezi kwa lugha ya Graphviz, programu ya zamani iliyozaliwa katika maabara za AT&T. Ila mtego mmoja nauona ukiwanasa wengi. Mishale ya mchoro huo inaonyesha nini kinahitaji nini ili kijengwe. Mshale unatoka kwenye seva kwenda kwenye mtandao wake mdogo kwa sababu seva haiwezi kujengwa kabla ya mtandao huo kuwapo. Haina maana kwamba data inapita hapo. Msaidizi asiyeelekezwa vizuri huchukua mishale hiyo na kuitafsiri kuwa ni mapito ya data, na msomaji hana namna ya kujua.

Mtego wa pili ni majina. Kwenye wingu la Amazon, mtandao mdogo hauwi wa faragha kwa sababu umeitwa wa faragha. Kinachoamua ni jedwali la njia: kama ndani yake kuna njia inayokwenda moja kwa moja kwenye lango la intaneti, mtandao huo uko wazi, uite utakavyo. Mashine ikisoma jina tu itauchora ndani ya uzio, na hifadhidata iliyomo itaonekana salama. Ikisoma jedwali itauchora nje. Kwa hiyo unapoagiza mchoro, agiza kwa maneno makavu: soma majedwali ya njia, soma kanuni za ulinzi, onyesha kwa rangi nyekundu kila mlango unaokubali 0.0.0.0/0, yaani dunia nzima, na palipo na shaka andika kwamba hapajathibitishwa. Agizo hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko yote.

Usiombe kila kitu kiingie kwenye picha moja. Simon Brown, aliyebuni utaratibu wa C4, hugawa mchoro katika ngazi nne, kuanzia mfumo mzima na watu wanaoutumia hadi kwenye msimbo wenyewe. Ngazi mbili za juu zinawatosha watu wengi. Bodi ya wakurugenzi haihitaji kuona majedwali ya njia.

Kuhusu usiri, kuna faili moja ambalo halipaswi kupewa msaidizi yeyote aliye nje ya ofisi yenu. Ni faili la Terraform linalotunza hali ya mfumo, ambamo nywila za hifadhidata zinaweza kukaa bila kufichwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zote mbili zinagusa usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje ya nchi. Mchoro mzuri, unaoonyesha taarifa za wateja zinakaa nchi gani na zinatokea wapi, utamsaidia mwanasheria wenu kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Yapo pia mambo ambayo msimbo wa ujenzi hauyajui kabisa. Mei 12, 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani wengine. Fikiria mfumo uliopo Cape Town unaowahudumia wateja wa Mwanza. Siku ile seva zake zingeweza kuwa nzima zote, na mchoro uliotokana na msimbo usingeonyesha dosari yoyote, wakati mteja wa Mwanza anaangalia skrini isiyofunguka. Mkongo haumo kwenye faili la Terraform. Kampuni inayowatumia wateja ujumbe wa kuthibitisha namba haimo, na fundi mmoja anayejua kuwasha jenereta ya ofisi hayumo. Hayo lazima ayaongeze binadamu anayeifahamu kazi, kila baada ya mashine kumaliza sehemu yake.

Kama unaongoza kitengo cha TEHAMA, iwe benki, hospitali au halmashauri, agiza mchoro ukae pamoja na msimbo, uchorwe upya kila mabadiliko yanapopitishwa, kisha mhandisi anayepigiwa simu usiku aulinganishe na mfumo unaofanya kazi na aweke jina lake na tarehe. Ukiletewa mchoro usio na jina wala tarehe, urudishe.