JERAHA LISILOONEKANA NI HATARI BARABARANI

Tarehe 28 Juni, 2025, ilitokea ajali mbaya sana katika eneo la Sabasaba, wilayani Same. Basi kubwa na basi dogo yaligongana, kisha yakashika moto. Watu zaidi ya 35 walikufa. Wengine waliumia.

Mfupa uliovunjika huungwa. Kidonda hutibiwa kikapona. Lakini ajali huacha pia jeraha ambalo halionekani. Jeraha hilo limo katika akili. Huitwa kiwewe.

Kiwewe humpata nani?

Humpata aliyeponea chupuchupu. Humpata pia aliyeona ajali, aliyeokoa majeruhi, au aliyefiwa. Si lazima awe ameumia mwilini.

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akili ni kama mlinzi wa shamba lililowahi kuvamiwa na tembo. Tangu siku hiyo, kila jani likitikisika anapiga debe. Hatari imekwisha, lakini yeye hapumziki.

Dalili zake

Mtu huota ajali usiku. Mchana huiona tena kama inatokea sasa. Hukwepa kupita mahali ilipotokea. Hukosa usingizi, hushtuka ovyo, hukasirika upesi. Watu wengi hupata nafuu katika wiki za mwanzo. Dalili zikizidi mwezi mmoja na kumzuia mtu kufanya kazi zake, huo ni ugonjwa. Unatibika.

Hatari yake barabarani

Fikiri juu ya dereva mwenye kiwewe katika barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha. Lori linakuja mbele yake upande wake wa haki. Yeye anaona linamjia. Anakanyaga breki ghafla, au anakata usukani. Gari lililo nyuma linamgonga.

Dereva mwingine hakulala usiku. Anasinzia Hedaru au Makanya, mahali ambapo barabara imenyooka. Mwingine anakunywa pombe ili asahau. Mwingine anapandwa na hasira na kukimbiza gari. Katika barabara za kupanda milimani, kama za Vudee na Chome, kuna kona kali na mabonde. Huko kosa dogo linaua. Dereva wa bodaboda naye yumo katika hatari hiyo hiyo.

Jambo hili halipo kwetu tu. Askari wa Marekani waliotoka vitani Iraki walizoea kuendesha katikati ya barabara kwa kuogopa mabomu. Waliporudi kwao, baadhi yao waliendelea kuendesha hivyo hivyo.

Tufanye nini?

1. Usimcheke wala kumwita mwoga. Kiwewe si uoga, wala si kurogwa.

2. Msikilize anapotaka kusema. Usimlazimishe kusimulia.

3. Dereva aliyepata ajali apumzike kwanza. Mwenye gari asimharakishe kurudi kazini.

4. Akirudi, aanze kidogo kidogo: safari fupi, mchana, akiwa na mwenzake.

5. Moyo ukianza kwenda mbio, apunguze mwendo na kusimama pembeni mahali salama. Avute pumzi polepole mpaka atulie.

6. Asitumie pombe kama dawa. Akipewa dawa, amwulize mganga kama zinaleta usingizi. Kama zinaleta, asiendeshe.

7. Dalili zikizidi mwezi mmoja, aende zahanati au kituo cha afya. Akisema anataka kujiua, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Mganga anaweza kumpeleka Hospitali ya Wilaya, au Mawenzi na KCMC huko Moshi. Tiba kubwa ni mazungumzo na mtaalamu. Wengine hupewa na dawa.

Dereva mmoja akitibiwa, abiria wake wote wanapata usalama.

Maswali ya kujadili

Je, kijijini kwenu yuko mtu aliyebadilika tangu alipopata ajali? Nani atakwenda naye zahanati?