CHEMCHEMI BILA MLINZI HAIDUMU

Ndugu msomaji, siku robine zinapokauka hapa Nyalukemba, unajua yanayotokea. Bidoni za manjano zinatoka nyumbani mapema. Wengine wanashuka Ziwa Kivu, wengine wanatafuta chemchemi. Hata maji ya REGIDESO hayatoki hewani: mji wa Bukavu unanyweshwa na mto Murhundu, kule Kabare. Mlima wa Kabare ukiharibika, kikombe cha Nyalukemba kinajua.

Watu wengi wanapenda kusaidia kazi ya maji. Lakini tusaidie nini hasa? Mara nyingi tunafikiri simenti, bomba, na sherehe ya kufungua. Miaka mitatu nyuma ya sherehe, ng'ombe wanakanyaga pale pale na bomba limeziba. Sababu ni moja: tulijenga ukuta, hatukuweka mlinzi.

MAJI YA KUNG'AA YANAWEZA KUUA

Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wengi sana kutoka Rwanda waliingia Goma. Walikunywa maji ya ziwa bila kuyatengeneza. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu katika majuma machache. Ziwa ni lile lile letu. Kidudu cha kipindupindu hakionekani kwa macho, na maji yake yanaweza kung'aa vizuri.

NAMNA YA KULINDA CHEMCHEMI

Kazi yenyewe si ya uchawi. Mnachimba mpaka kufikia jicho la maji. Mnaweka mawe na changarawe safi, mnafunika na udongo wa mfinyanzi, mnajenga ukuta wenye bomba. Juu yake mnachimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua pembeni, tena mnazungusha ua juu ya mifugo. Vyoo vikae mbali, angalau mita 30, na visiwe upande wa juu. Mikaratusi isipandwe karibu, maana inakunywa sana.

Je, inaleta faida? Kule Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walifuata chemchemi karibu 200, na matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Penye chemchemi kulindwa, vijidudu vya kinyesi vilipungua kwa asilimia 66. Kuhara kwa watoto wadogo kulipungua karibu robo. Lakini, wamama na wababa, sikieni vizuri: ndani ya nyumba vijidudu vilipungua kwa asilimia 24 tu! Maji yalitoka safi, yakachafuka njiani na nyumbani: bidoni chafu, mtungi bila kifuniko, kikombe na mikono ya kila mtu. Basi mlinzi wa kwanza wa chemchemi ni yule anayeosha bidoni.

SISI WATU WA MADINI

Katika machimbo kuna hatari nyingine. Shimo likichimbwa juu ya chemchemi, njia ya maji chini ya ardhi inaweza kukatika. Na zebaki, ile inayong'aa kama fedha na kukamata dhahabu, ikiingia mtoni inaingia pia katika samaki. Kule Minamata, Japani, ugonjwa wa zebaki iliyotupwa na kiwanda ulitambuliwa mwaka 1956. Watu walipooza, watoto walizaliwa vilema. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki. Kwa hiyo kosheni dhahabu mbali na maji ya kunywa, na mkubaliane mapema ni wapi pasipochimbwa kamwe.

TUSAIDIE NINI, BASI?

Kwanza, komite. Wachaguliwe watu wanaoteka maji pale, wamama wawe wengi, maana wao ndio wanajua foleni. Pili, franka kidogo kila mwezi kwa kila nyumba, zenye daftari linalosomwa mbele ya wote. Haba na haba hujaza kibaba. Siku bomba likivunjika, hakuna kungoja mgeni. Tatu, mwenye shamba la juu akubaliane na komite kwa maandishi mbele ya chifu. Nne, salongo ya kusafisha mfereji mbele ya mvua ya mwezi wa tisa.

Mtu wa mbali anayetaka kutoa msaada, tumwambie atoe simenti, ndiyo, lakini aulize kwanza: komite iko wapi? Isaka alilazimika kufukua tena visima vya baba yake, kwa maana baada ya Abrahamu kufa vilifukiwa na udongo. Abrahamu alikuwa amechimba vizuri.

KAZI KWA VIJANA

Chukueni bidoni ya litre 20 na saa. Hesabuni inajaa kwa muda gani. Ikijaa kwa sekunde 100, chemchemi inatoa bidoni 36 kwa saa moja. Andikeni tarehe na hesabu, mrudie kila mwezi, zaidi wakati wa kiangazi. Mkiona kiangazi cha mwaka huu kinatoa kidogo kuliko cha mwaka uliopita, pandeni mlimani mkaangalie: nani amekata miti? Nani anachimba? Kisha leteni daftari kwa komite, wazee waone kwa macho yao.