Printa ya waifai ikigoma usiku wa safari

Ni saa tatu usiku. Lori la vitunguu limekwisha fungwa turubai hapa Arusha, na dereva anataka kuondoka saa kumi alfajiri ili awahi foleni ya Namanga. Bahasha yake haijakamilika. Ankara imo ndani ya kompyuta, orodha ya mzigo nayo imo ndani ya kompyuta, na printa iliyo juu ya kabati, hatua tatu kutoka mezani, inawaka taa kama kawaida. Ukibonyeza kuchapa, kompyuta inaandika "Offline". Duka la stesheneri limefungwa tangu saa moja.

Mwenye kapu la bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani hujaziwa cheti rahisi cha uasilia pale pale mpakani, na pengine hahitaji printa maishani mwake. Mwenye lori zima hana bahati hiyo. Ofisi yake ni sebule, fundi wake ni yeye mwenyewe, na wakati wa usiku kama huo hufikia kuamini kwamba printa imekufa. Mara nyingi haijafa. Kilichotokea ni kwamba kompyuta na printa zimepotezana.

Kila chombo kinachoungwa kwenye ruta ya nyumbani, iwe simu, televisheni au printa, hupewa namba yake. Hiyo ndiyo anwani, mathalani 192.168.1.5. Lakini anwani hiyo ni ya kupanga, si ya kumiliki. Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuanza kugawa namba upya; simu ya mtoto ikawahi kupewa 5 na printa ikaangukia 8. Kompyuta iliambiwa siku ya kwanza kwamba printa iko namba 5, nayo inaendelea kupeleka kazi huko huko. Ni kama dereva aliyeelekezwa ghala namba 5 wakati mwenye mzigo amekwisha hamia ghala namba 8 bila kupiga simu.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha kwanza kwamba kompyuta na printa ziko kwenye mtandao mmoja. Hapa ndipo wengi tunanaswa, na mwandishi wa makala hii amenaswa zaidi ya mara moja. Bando la ruta limekwisha, ukawasha intaneti ya simu, ukaunganisha kompyuta huko ili umtumie wakala wa forodha barua pepe, kisha ukasahau. Kompyuta sasa iko kwenye simu, printa imebaki kwenye ruta, na haziwezi kuonana kamwe. Rudisha kompyuta kwenye waifai ya ruta hata kama haina bando. Printa ya kawaida haihitaji intaneti ili kuchapa ankara iliyo tayari ndani ya kompyuta. Inahitaji ruta iwake tu. Aidha, usiunge kompyuta kwenye jina la waifai lililotengwa kwa wageni, kwa kuwa ruta huzuia walio huko wasivione vyombo vya nyumbani.

Kama ziko pamoja na bado printa inagoma, iulize yenyewe iko wapi. Kwenye menyu yake ya mtandao kuna sehemu ya kuchapa taarifa za mtandao. Printa ndogo zisizo na kioo huchapa karatasi hiyo ukishikilia kitufe fulani, ambacho kijitabu chake kinakitaja. Soma jina la waifai na anwani. Ukikuta anwani inaanza na 169.254, au ni sifuri tupu, basi ruta haijaipa namba. Zima vyote. Washa ruta kwanza, subiri taa zake zitulie, kisha washa printa, na mwisho kompyuta. Kufuata mpangilio huo kunasaidia, kwani printa ikiamka kabla ya ruta haipati wa kumwomba namba.

Ukikuta anwani nzuri, tuseme 192.168.1.8, iandike kwenye kisanduku cha juu cha kivinjari, pale unapoandika majina ya tovuti. Printa nyingi zitafungua ukurasa wao. Ukifunguka, barabara iko wazi na kosa liko ndani ya kompyuta: ingia kwenye mipangilio ya printa, sehemu iliyoandikwa "Ports", ongeza mpya ya aina ya "Standard TCP/IP", na uipe anwani hiyo ya 8.

Lakini kabla ya kujaribu, futa kazi zilizokwama. Kwa hasira tulibonyeza kuchapa mara kumi, na printa ikipona itatoa ankara kumi. Kazi ikikataa kufutika, fungua orodha ya huduma za Windows, simamisha "Print Spooler", futa mafaili yaliyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha iwashe tena.

Saa tano ikifika bila mafanikio, acha ubishi na tafuta waya wa USB, ule wenye kichwa cha mraba upande wa printa. Kompyuta itaiona kama printa ya pili. Chagua hiyo, chapa, mpe dereva bahasha.

Kesho yake, mchana, maliza kazi. Fungua ukurasa wa ruta, ambao mara nyingi uko 192.168.1.1 au 192.168.0.1, neno la siri huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Tafuta orodha ya vyombo vilivyoungwa, itambue printa kwa namba yake ya kudumu ambayo ile karatasi inaitaja kama "MAC", na uitengee anwani moja isiyogawiwa chombo kingine. Kazi hii haichukui robo saa.

Ukibadilisha kampuni ya intaneti, ipe ruta mpya jina lile lile la waifai na neno lile lile la siri. Kwa kawaida printa itajiunga yenyewe. Ikikataa, angalia mambo mawili: printa nyingi za bei nafuu husikia masafa ya 2.4 tu na haziyaoni ya 5, na zile za zamani haziujui ulinzi wa WPA3, hivyo ruta iwekwe kwenye WPA2. Waya wa USB uubakize kwenye droo ya printa, usiupeleke kuchaji kitu kingine.